Refa wa Pili

Mjomba wangu alirudi kutoka Jeddah na deki ya video, redio kubwa na sanduku la kaseti zisizo na majalada. Nyingi zilikuwa sinema za Kihindi, na hizo mama na shangazi zangu walizitwaa siku ile ile. Moja ilibandikwa kikaratasi chenye neno "mieleka", ikawa halali yetu wavulana. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 80, na Langoni, mtaa wetu wa Lamu, hapakuwa na kijana asiyemjua mwanamieleka Hulk Hogan, japo wengi wetu tulimjua kwa picha za kwenye fulana na masimulizi ya jamaa waliokuwa wakisoma Mombasa.

Baada ya isha televisheni iliwekwa tekani, yaani barazani ndani ya nyumba, ikaelekezwa kiwandani, ndio uani kwetu. Waliowahi walikaa mikekani, waliochelewa wakasimama mpaka mlangoni, na wanawake wakatazama kutoka juu. Bibi yangu peke yake ndiye aliyekataa kupanda. Alikuwa mkunga, nusu ya waliojaa pale aliwapokea kwa mikono yake, na nani angethubutu kumwambia asogee? Alikaa kando na ukili wake, akisuka bila kuutazama.

Pambano lilikuwa la Indianapolis, Marekani, Ijumaa ya tarehe 5 Februari 1988. Kituo cha NBC kililirusha moja kwa moja, na watu milioni 33 wakalitazama huko kwao. Sisi lilitufikia limeshapitwa na wakati, lakini kiwandani kwetu lilikuwa bichi kama samaki wa alfajiri. Hogan alikuwa na mkanda wa ubingwa wa WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani, tangu Januari 1984, alipomshinda Iron Sheik jijini New York. Mpinzani wake usiku huo alikuwa André the Giant, Mfaransa aliyetangazwa kuwa na urefu wa futi 7 na inchi 4. Kwenye kona ya André alisimama Ted DiBiase, aliyeigiza tajiri mwenye kicheko cha kukera, pamoja na mlinzi wake Virgil. DiBiase alikuwa ameshajaribu kuununua mkanda kwa Hogan mwenyewe, akakataliwa. Ndipo akamnunua André amtwalie.

Hivi karibuni nimelitazama tena kwenye simu, na niseme ukweli: kama pambano, ni bovu. André alipasuliwa mgongo mwaka 1986, na ukimkazia macho utamwona anavyozing'ang'ania kamba ili asimame. Ni kukabana shingo, makofi na kugongana vichwa, basi. Mwenye kutaka ufundi atafute pambano la Randy Savage na Ricky Steamboat, Machi 1987. Lakini usiku ule nani aliziona kamba? Tuliona jitu, na mbele yake mtu wetu.

Tulikuwa tumewekeana kahawa na halua. Upande wa Hogan ulikuwa mkubwa. Upande wa André ulikuwa na watu wachache wabishi, wakiongozwa na fundi mmoja wa mashua kutoka kijiji cha Matondoni ambaye alipenda tu kuwa kinyume na vijana.

Hogan akamdondoshea André mguu shingoni, akamlalia. Nyumba ikalipuka. Kumbe refa yuko kwingine, Virgil amemshughulisha, hakuna wa kuhesabu. Hogan akainuka kulalamika. Jitu likamkamata, likamtupa chini, likamlalia. Refa akapiga moja. Bega la Hogan likanyanyuka, wazi kabisa, na bega likiwa juu hesabu hukatika. Refa akapiga mbili. Akapiga tatu. Kengele ikalia.

"Rudisha!" watu wakapiga kelele. Mjomba akarudisha. Watu wakakimbia kinyumenyume, jitu likaamka, likalala tena. Akasimamisha picha palepale, mistari myeupe ikitetemeka juu ya kioo, na mvuvi mmoja akaenda kuliwekea kidole lile bega ili kila mmoja ashuhudie. "Liko juu hili! Liko juu au haliko juu?" Hata fundi wa mashua alikiri liko juu. Ila halua, akasema, ni ya kwake, maana mkono wa refa umeshapigwa mara tatu.

Kaseti ikaachiwa iendelee. André akautwaa mkanda na papo hapo akamkabidhi DiBiase. (Alichanganya maneno, akautaja kuwa ubingwa wa wawili wawili. Hilo nimelisikia sasa tu. Wakati ule Kiingereza chake kilitupita sote.) Halafu akatokea mtu mwingine akakimbilia ulingoni. Alikuwa refa. Alikuwa refa yule yule.

Kiwanda kizima kilinyamaza. Marefa wawili, sura moja, shati moja, wanagombana na kusukumana, na Hogan katikati anageuza shingo huku na huku asijue amshike yupi. Alipomjua mwovu wake, alimbeba juu ya kichwa akamrusha nje ya kamba. Kisha akahojiwa huku analia, akasema kwamba yule mtu alilipwa akapasuliwa uso ili afanane na refa wa kweli.

Binamu yangu aliyesoma Mombasa akatufasiria, na papo hapo akaongeza ya kwake: jinsi madaktari wa Marekani wanavyotoa nyama pajani na kuibandika shavuni, jinsi mtu anavyofungwa bendeji miezi. Tulimsikiliza midomo wazi. Ilituingia. Tajiri ana pesa, pesa hununua uso. Kuna gumu gani hapo?

"Hawa ni mapacha," alisema bibi.

Binamu akacheka kwa adabu. "Bibi, mwenyewe amesema ni upasuaji."

"Nimeona. Hawa tumbo moya." Hakuacha kusuka. "Sura utainunua. Mwendo utaununua wapi? Hebu tizama mabega, tizama anavyogeuka. Nimewapokea wangapi mimi?"

Hakuna aliyembishia, na hakuna aliyemwamini. Mjadala ukahamia kwa fundi wa mashua, kwamba je, DiBiase sasa ni bingwa? Fundi akasema mashua huuzwa kwa sababu ina mbao na misumari, lakini ushindi hauna kitu cha kushika, kwa hivyo hauuziki. Asiyemwangusha mtu hakumwangusha. Nilikuja kuona kwamba WWF nao waliamua vivyo hivyo. Rais wao wa kwenye televisheni, Jack Tunney, aliutangaza mkanda kuwa hauna mwenyewe, ukashindaniwa upya Atlantic City tarehe 27 Machi, na Savage akauchukua kwa kumshinda DiBiase huyo huyo. Halua ikaliwa na pande zote mbili, kila upande ukidai ndio uliowakaribisha wenzao.

Habari ya marefa niliipata baada ya miaka, nikiwa nimeshahamia Mombasa. Waliitwa Dave Hebner na Earl Hebner. Dave alikuwa refa wa WWF siku zote. Earl alikuwa akifanya kazi kwa kampuni shindani, akaletwa kimyakimya wakati usiku ule unakaribia. Hakuna aliyepasuliwa. Walikuwa mapacha tangu kuzaliwa, na hadithi ya upasuaji ilitungwa ili watu milioni 33 wasifikirie jambo la karibu zaidi.

Likizo iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kumwambia bibi. Alikuwa amezeeka, macho yamepungua, lakini alimkumbuka yule jamaa aliyerushwa nje ya kamba. Hakuonyesha kushangaa wala kujisifu. Aliniuliza kama mama yao aliwazaa nyumbani au hospitalini, na ni yupi aliyetangulia kutoka.