Mguu ndio unaosikika chini: mazoezi ya drams nyumbani, wiki ya 1 hadi ya 7

Napiga drams kanisani, na drams zenyewe zinalala kanisani. Mimi nalala ghorofa ya pili, Upanga, Dar es Salaam. Ninachotafuta ni saa moja ya mazoezi kila usiku nikitoka kazini, bila kumwamsha mtu.

Wiki ya 1

Nimeanzia kwenye mto wa kulalia. Kijiti hakidundi kabisa, kila pigo unalinyanyua mwenyewe, na dakika kumi zinatosha kuwasha moto hadi kwenye kiwiko. Kwa nguvu ya kifundo cha mkono ni mzuri. Kwa mapigo ya mbili-mbili haufai: lile pigo la pili linatakiwa litokane na mdundo wa kijiti, na kwenye mto unalilazimisha. Jumapili niliisikia tofauti kwenye snea, ile ngoma ndogo ya mbele ya mpigaji, mkono ulikuwa mzito.

Wiki ya 2

Nimetengeneza pedi. Plaiwudi, kipande cha tyubu kutoka kwa fundi pancha, gundi ya fundi viatu. Ya kwanza niliikaza tyubu mno, ikawa inalia kofi kila nikipiga. Ya pili nikaweka soli ya ndala kuukuu katikati ya tyubu na ubao. Hii ndiyo. Inadunda kiasi, na mlango ukifungwa chumba cha pili hawasikii kitu. Nafanya kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto, kuanzia mapigo 60 kwa dakika, naongeza matano nikiona mikono yote inalingana.

Wiki ya 4

Nimeongeza pedeli ya mguu, rungu lake linapiga ubao niliouzungushia blanketi zito. Masikioni mwangu palikuwa kimya kabisa. Siku ya tatu nikakutana ngazini na mama anayekaa chini yetu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hivi usiku huwa mnatwanga nini huko juu?”

Nikamwomba ruhusa, nikaenda kukaa sebuleni kwake huku mdogo wangu akipiga. Pedi: hakuna kitu. Pedeli: dari lote linasema du, du, du. Nilisikitika sana, maana ana mjukuu mchanga mle ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sauti ya kijiti inapita hewani, na mlango unaizuia. Pigo la mguu linaingia moja kwa moja kwenye zege, na zege linalibeba hadi chini. Blanketi nililifunga upande wa rungu, kumbe kinga inatakiwa iwe kati ya pedeli na sakafu.

Nimesimamisha pia mpango wa kununua drams za umeme. Zile zenye ngozi za wavu, aina ambayo kampuni ya Roland waliitoa na seti yao ya TD-10 mwaka 1997, ni tulivu kweli kwa mikono ukivaa hedifoni. Pedeli yake lakini inakanyagwa kwenye sakafu ileile. Matoazi yenye matundu, kama L80 ya kampuni ya Zildjian, nayo yanapunguza kelele ya hewani tu. Anayekaa nyumba ya chini achukue bila wasiwasi. Mimi tatizo langu liko miguuni.

Wiki ya 6

Jukwaa la mipira ya tenisi. Ubao wa sentimita 60 kwa 60, unene milimita 18, na mipira mikuukuu 16. Mpira una kipenyo cha karibu sentimita 6.7, kwa hiyo seremala katoboa matundu ya sentimita 5: mpira unaingia kama sentimita moja, unagota, uliobaki unatokeza chini. Jukwaa zima linasimama juu ya mipira, chini yake kipande cha zulia. Pedeli na kiti changu vyote vinakaa juu.

Usiku wa kwanza mdogo wangu alishuka kusikiliza, akarudi akasema bado. Nilikuta kona ya ubao imegusa ukuta, mtikisiko unapitia hapo. Nikausogeza upana wa kiganja.

Wiki ya 7

Nimerudi kwa mama. Kasema, “Nasikia kwa mbali, mpaka nizime redio.” Tumekubaliana mguu mwisho saa tatu usiku, baada ya hapo pedi peke yake.

Kilichobaki ni pedeli ya haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu wa kushoto. Haijaenea jukwaani, na kisigino changu cha kushoto bado kinagonga sakafu. Jumamosi napeleka vipimo vya ubao mwingine kwa seremala, na natafuta mipira mingine minane.