Tulivyoifikia nyumba ya Lewis Latimer, na kwa nini nawahimiza muende

Nimechoka kuwasikia Waswahili wenzangu wa huku Marekani wakiambiana kwamba nyumba ya makumbusho ya Lewis Latimer, yule Mmarekani mweusi aliyekuwa mchoraji wa mashine na fundi wa taa za mwanzo za umeme, pale Flushing, Queens, New York, haina kitu. Nimeingia, nimekaa, na nimetoka na furaha ambayo fundi umeme yeyote ataielewa. Mimi ni fundi umeme. Nilianzia Tanga kwa kuvuta waya kwenye dari za watu, na sasa kazi hiyohiyo naifanya New Jersey. Kwa hiyo habari za taa si za kuhadithiwa kwangu.

Nilipotaja kuwa nataka kumpeleka binti yangu na mpwa wangu, jamaa mmoja akanijibu, "Si ulishakwenda kwa Edison? Imetosha. Kwa Latimer ni kijumba tu, dakika kumi umemaliza." Kwa Thomas Edison, yule wa balbu ambaye Latimer alikuja kumfanyia kazi, nimekwenda kweli, kule West Orange, New Jersey. Ni pazuri, maabara ya matofali imejaa mashine, na anayeweza aende. Lakini huwezi kuniambia kwamba ukimwona tajiri wa kiwanda umeshamwona na fundi wake. Latimer alizaliwa mwaka 1848 Chelsea, Massachusetts, na wazazi wake, George na Rebecca, walikuwa wametoroka utumwa Virginia mwaka 1842. George alikamatwa Boston, watu wakainuka kumtetea, na uhuru wake ukanunuliwa kwa dola 400. Kesi ile ilizaa ombi lenye saini zaidi ya 60,000, na mwaka uliofuata Massachusetts ikapitisha sheria ya kuwakataza maofisa wake kusaidia kuwakamata waliotoroka. Mtoto wa baba huyo ndiye aliyekuja kuchora michoro ya simu ya Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu. Dakika kumi?

Basi tukapanga safari. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, aliyeishi Queens miaka mingi, alinipa anwani bila kusita: Holly Avenue. "Mwanangu, ukishuka treni ulizia Holly Avenue, nyumba ya mbao ya zamani, huwezi kuipita." Tukapanda basi hadi Port Authority, kituo kikuu cha mabasi Manhattan, tukashuka chini kwa chini hadi Times Square, tukaingia treni namba 7 na kwenda nayo mpaka mwisho wa reli, Main Street. Ukitoka pale juu unakutana na mji wa Wachina na Wakorea, mboga zimepangwa mpaka barabarani, samaki wanachupa kwenye matangi. Watoto walitaka kubaki hapohapo.

Holly Avenue ipo, na tuliitembea yote. Tuliona majengo ya fleti, nyumba za familia, magari yaliyoegeshwa, lakini nyumba ya Latimer hakuna. Tukarudi tena kwa upande wa pili wa barabara. Mpwa wangu akaanza kusoma namba za milango kwa sauti, halafu akaniuliza, "Mjomba, una uhakika huyu mtu alikuwa na nyumba?" Tukauliza dukani, hawajui. Tukauliza mtu aliyekuwa akifagia mbele ya kwake, hajui. Mwisho tukafika kwenye hekalu kubwa la Wahindu, la Ganesh, lililo Bowne Street pale karibu na Holly Avenue. Mama mmoja aliyekuwa akitoka akaona watoto wamechoka, akasema nyumba hiyo haijui ila chakula kipo, akatuonyesha ngazi za kushuka chini. Kumbe chini ya hekalu kuna kantini!

Ndugu zangu, ile dosa. Mkate mwembamba wa mchele na dengu, mrefu kuliko sahani, umekauka pembeni na laini katikati, ndani viazi vya manjano vyenye mbegu za haradali. Na chatne ya nazi ambayo ingeuzwa Tanga isingelala. Nyama hakuna kabisa, kwa hiyo Mwislamu anakula bila wasiwasi. Tulipokuwa tunakula, mzee wa meza ya jirani akatusikia tukilitaja jina la Latimer. Ndiye aliyetupa habari kamili: nyumba ilikuwa Holly Avenue kweli, Latimer aliishi humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 hadi alipofariki mwaka 1928. Lakini mwaka 1988 ilikuwa inakaribia kubomolewa, na ili kuiokoa ikang'olewa nzimanzima, ikabebwa na kupelekwa 137th Street, upande mwingine kabisa wa Flushing. Mjukuu wake, Winifred Latimer Norman, alikuwa mstari wa mbele katika kuipigania. Nyumba ya mbao yenye umri wa karibu miaka mia, inapita barabarani! Kama fundi, niliacha kula nikawaza tu namna walivyoiinua.

Siku hiyo muda ulikuwa umekwisha, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo nakuandikia wewe unayesoma: ni 34-41 137th Street. Kutoka kituo cha Main Street unaelekea kaskazini, unavuka Northern Boulevard, na ukiona magorofa ya Latimer Gardens ujue umefika. Ukipewa anwani ya Holly Avenue, shukuru halafu usiifuate, labda kwa ajili ya dosa.

Sasa niwape mbinu ambayo naiona ndiyo iliyoifanya safari ya pili kuwa tamu. Nyumba ndogo za makumbusho humshinda mtoto kwa sababu anaingia hana swali. Usiku wa kabla ya kwenda nilifungua swichi ya ukutani iliyokuwa imeharibika, nikaitandaza mezani vipande vyake vyote, nikawapa watoto rula na kalamu ya wino. Nikawaambia: ichoreni hii kiasi kwamba fundi aliye Mwanza, ambaye hamtaongea naye kamwe, aweze kuitengeneza upya kwa kuangalia karatasi yenu tu. Penseli nilikataza. Walianza kwa mbwembwe. Baada ya muda binti yangu akagundua kwamba amechora uso wa swichi lakini ndani hamwonekani. Mpwa wangu akachora ndani, lakini huwezi kujua skrubu inaingilia wapi. Wakaanza upya, safari hii wakabishana kama wapige mchoro wa ubavu au wa kukata katikati, wakaweka herufi A na B kwenye vipande. Mambo hayo mimi nilifundishwa chuo cha ufundi, na wao waliyafikia wenyewe mezani.

Hapo ndipo nikawatolea karatasi nilizochapisha. Hataza, yaani hati za serikali za kulinda haki ya mvumbuzi, zile za Marekani za zamani zinapatikana bure mtandaoni ukiwa na namba. Niliwapa ya simu ya Bell ya mwaka 1876, namba 174,465, na ya Latimer mwenyewe ya Januari 1882, namba 252,386. Walinyamaza. Waliona zile herufi, ile mistari ya mikato, kivuli kilichopigwa kwa wino bila kutetemeka. Nikawaambia aliyechora haya hakusoma chuo. Alijiunga na jeshi la majini akiwa bado kijana mdogo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akatoka, akaajiriwa kuwa tarishi kwenye ofisi ya mawakili wa hataza Boston kwa dola 3 kwa wiki. Akawa anawatazama wachoraji, akajifunza kwa vifaa vya mitumba, akaomba achore, na mwisho akawa mkuu wa wachoraji kwa dola 20 kwa wiki. Michoro ya Bell aliifanya usiku, kwa sababu Bell alikuwa mwalimu na alipata nafasi baada ya saa tatu usiku madarasa yake yakiisha.

Tulipoingia ndani ya nyumba, watoto hawakuhitaji kusukumwa. Ni nyumba ya kawaida ya familia, vyumba vya ukubwa wa binadamu, si kasri, na hilo ndilo lililonigusa: hapa mtu alirudi kutoka kazini, akapiga filimbi, akachora picha, akaandika mashairi. Mpwa wangu alimuuliza mwelekezaji kama Latimer alitumia penseli kwanza. Yule dada akafurahi mpaka akatuacha tukae zaidi kuliko tulivyotarajia.

Niliwaeleza watoto kuhusu uzi wa balbu, ule unaowaka ndani yake, maana hapo ndipo watu wanapotosha. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu zetu eti Latimer ndiye aliyevumbua balbu na Edison akamwibia. Si kweli, na mtu huyu hahitaji kuongezewa chumvi. Balbu ya Edison ilipata hataza Januari 1880, na Latimer wakati huo alikuwa anaelekea kufanya kazi kwa mshindani wake, Hiram Maxim. Alichokifanya ni cha kifundi kabisa. Uzi wa wakati ule ulikuwa wa kaboni: unakata kipande chembamba cha karatasi au kitu chenye nyuzinyuzi, unakichoma pasipo hewa mpaka kigeuke mkaa. Kikiwa motoni kinajikunyata, kinapinda, kinakatika. Katika ile hataza ya 1882, Latimer alivifunga vipande ndani ya bahasha ya kadibodi, inayotanuka na kusinyaa sawa na kilichomo, hivyo vikatoka vimenyooka. Mwaka 1881 alishapata hataza nyingine na mwenzake Joseph Nichols, ya namna ya kuunganisha ule uzi na waya. Kila aliyewahi kutafuta hitilafu ya taa anajua kwamba kiungo kibaya ndicho kinachounguza kila kitu.

Kwa Edison aliingia mwaka 1884, na kwa ujuzi wake wa michoro akawa shahidi wa kitaalamu kwenye kesi za hataza. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha kufafanua mfumo wa taa wa Edison. Kikundi cha Edison Pioneers, cha watu waliowahi kufanya kazi na Edison, kilipoanzishwa mwaka 1918, yeye ndiye mtu mweusi pekee aliyekuwamo. Binti yangu aliliuliza hilo mara mbili, nikamjibu mara mbili.

Mlangoni hatukutoa hela ya kuumiza. Nauli na chakula ndivyo vilivyokula mfuko. Nyumba haifunguliwi kila siku, hivyo hakikisha siku na saa kabla hujatoka. Treni ya 7 wikendi hubadilishiwa ratiba, na siku ya mechi ya besiboli inajaa mpaka kituo cha uwanjani, Mets-Willets Point; baada ya hapo unapata kiti. Ukiwa na watoto usiunganishe na kwa Edison siku moja, umbali ni mkubwa na utaharibu zote mbili. Ukitaka kuongeza, nyumba ya John Bowne ya mwaka 1661 ni ya kutembea kwa miguu kutoka hapo. Na zile karatasi za hataza zibebe ndani ya bahasha ngumu, sisi zetu zilianza kukunjika treni ikiwa bado Queensboro Plaza.