Jinsi Nilivyobaki na Wasomaji Wangu wa Magazeti Lubumbashi

Ninauza magazeti katikati ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, si mbali na Posta, na mpaka leo kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto. Watu wananiuliza kila mara kama bado kuna anayenunua gazeti la karatasi. Wapo. Lakini wengi wao si wale wa zamani, na yanayowaleta kwangu siku hizi ni mambo mengine kabisa. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Likasi, Kolwezi na kwingineko wanaofikiria kufunga meza zao. Wasifunge kabla ya kusoma hapa.

Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja wa Kamalondo tuliyemwita Papa. Enzi za Mobutu aliuza Mjumbe na Taifa, magazeti yaliyochapwa hapa hapa mjini, wakati mji mzima ulisoma kile kilichoruhusiwa kusomwa. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, meza ya Papa iligeuka kuwa baraza. Magazeti ya Kinshasa yalikuwa yakifika kwa ndege, wanaume wakasimama mbele yake kusoma vichwa vya habari na kubishana mpaka jua linazama. Kinshasa waliwaita wabunge wa kusimama. Hapa hawakuwa na jina, walikuwa wateja tu, hata wale ambao hawakununua kitu.

Papa alijua kila mtu na gazeti lake. Mtu wa upinzani aliulizia Le Phare, na ukimpa jingine, hata bure, hakupokea. Mwingine alikuwa wa Le Potentiel toka lilipoanza mwaka 1982. Nilipoanza kumsaidia, nililazimika kukariri: daktari hili, profesa lile, mkuu wa shule lile jingine, na mzee fulani aliyetaka gazeti lake likunjwe mara mbili kwa urefu liingie kwenye mfuko wa koti. Nilidhani uaminifu wa namna hiyo hauishi.

Kati ya Kinshasa na Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege, na barabara si ya kutegemea. Kwa hiyo gazeti la Jumatatu lilifika Jumanne, au Alhamisi ndege ikiharibika. Zamani haikudhuru, maana habari ya Alhamisi ilikuwa bado mpya kwetu. Hata Radio Okapi ilipoanza Februari 2002, watu walisikia asubuhi halafu wakaja kwangu kutafuta maandishi, waone ni nani kasema na kasema vipi. Redio ilinisaidia. Kilichokuja kunikausha ni mega, yaani vifurushi vya mtandao, za bei nafuu. Kijana akiisha kuwa na mega kwenye simu, anasoma tovuti ya habari ya Actualite.cd usiku kitandani, na gazeti langu likifika linamkuta keshabishana, keshachoka na habari ile.

Marobota yalianza kubaki. Mimi nalipa kwanza ndipo napewa, kwa hiyo kila nakala iliyobaki ilikuwa hasara yangu, nami niliishia kuiuza kwa kilo kwa mama wa bitumbula afungie maandazi yake. Wenzangu kadhaa waliacha, wakaenda kuuza vocha za simu. Mimi nilichukua daftari la shule, nikaandika majina ya wateja wote waliokuwa wamepotea, nikaanza kuwatembelea mmoja mmoja, ofisini au nyumbani, nikiwauliza bila kulaumu: ulikuwa unanunua nini kwangu?

Hilo ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote, na ninamshauri kila muuzaji alifanye.

Mwalimu mmoja wa Katuba aliniambia wazi: "Mama, ile yote nilisha kusikia jana ku telefone. Niko nalipa makuta juu ya nini?" Huyo nilimwelewa na sikumsumbua tena. Mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, alinitolea nakala tatu za magazeti tofauti, za siku moja, akaweka kidole kwenye habari ya kumsifu mkubwa fulani. Maneno yalikuwa yale yale, nukta kwa nukta. "Mu majurnali tatu, Mama. Ni nani aliandika?" Sote tunajua jibu lake. Ni ile desturi ya coupage, mwandishi kupewa bahasha ili aandike anachotaka mwenye bahasha. Mwandishi asiyelipwa mshahara na gazeti lake atakula wapi? Najua shida yao na inaniuma. Lakini yule mstaafu alikuwa amesoma gazeti maisha yake yote, na hakuliacha kwa sababu ya simu. Aliliacha kwa sababu alihisi anauzwa yeye. Kila nikisikia watu wakisema teknolojia imeua magazeti, namkumbuka.

Halafu kulikuwa na mama mmoja wa Bel-Air mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alicheka nilipomuuliza. "Mie nilikuwa nanunua ukurasa mumoja tu. Ile ingine yote nafungia misumari." Ukurasa wenyewe ulikuwa wa matangazo ya zabuni. Nilirudi nyumbani nikapekua daftari na kuona kwamba wengi walionijibu vizuri walikuwa watu wa aina yake: mwenye gari la kukodisha, mwenye kampuni ya kupika chakula cha wafanyakazi, fundi wa umeme mwenye vijana wake wanne, wakili anayefuatilia matangazo ya mahakama.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze kidogo. Sheria ya mwaka 2010 ya manunuzi ya serikali inataka zabuni zitangazwe hadharani. Kisha Februari 2017 ikatoka sheria ya ukandarasi mdogo, inayozitaka kampuni kubwa, na huku kwetu maana yake ni migodi, ziwape kazi ndogo ndogo kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongo. Kuanzia hapo, mtu mwenye lori mbili alikuwa na sababu ya kutafuta tangazo. Tatizo ni siku. Tangazo lina tarehe ya mwisho, na kama gazeti limekaa uwanja wa ndege Kinshasa siku tatu, hizo ni siku tatu alizonyang'anywa fundi wa Lubumbashi na kupewa mwenzake anayeishi karibu na mtambo wa kuchapa.

Machi 2020, kwa ajili ya korona, Kinshasa ilitengwa na mikoa na ndege za ndani zikasimama hadi Agosti. Hakuna robota lililofika. Meza yangu ilikuwa tupu kabisa, na hapo ndipo nilipopiga simu kwa wakala wangu Kinshasa nikamwomba jambo ambalo nilikuwa nalifikiria muda mrefu: anitumie kurasa kwa simu usiku ule ule zinapotoka, nami nichapishe hapa kwa ruhusa, kwa karatasi za kawaida, na nimlipe sehemu yake kwa kila nakala. Alisita, akauliza mhariri mmoja, kisha mwingine. Wawili walikubali. Nasisitiza ruhusa, kwa sababu wapo wanaosambaza kurasa bure kwenye simu na kujiona wajanja, na huku gazeti linakufa mikononi mwao.

Tangu wakati ule kazi yangu huanza kabla ya alfajiri, wakati mtandao una nguvu na umeme haujakatika. Nasoma kila tangazo na kalamu nyekundu mkononi. Saruji, najua ni ya nani. Viatu vya usalama na sare, najua. Usafiri wa wafanyakazi kwenda Kipushi, najua. Namtumia mteja sauti fupi kwa Kiswahili: kuna kitu chako, ukurasa wa saba, mwisho wake ni Ijumaa, wanataka hati hizi na hizi. Anakuja kuchukua ukurasa wake kwa secrétariat ya kunakili pale jirani, na robota la kweli likifika anachukua gazeti lenyewe aliweke kwenye faili. Analipa mwanzo wa mwezi kwa simu. Mimi naagiza tu nakala zilizokwisha kulipiwa. Mama wa bitumbula amenilalamikia kwamba siku hizi sina karatasi ya kumuuzia.

Sauti zile ndizo zilizobadilisha mambo kuliko nilivyotazamia. Wateja walianza kuuliza na mengine. "Mama, Kinshasa wanasema nini juu ya bei ya mafuta?" Nikaanza kuwasomea kwa ufupi, kwa Kiswahili cha hapa, makala moja au mbili nilizoona zimeandikwa kwa kazi, zenye jina la mwandishi, mahali alipokwenda na watu aliozungumza nao. Nikiona habari imenyooka mno katika kumsifu mtu, siisomi, na nasema kwa nini. Mama wengi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ambao hawakuwahi kununua gazeti, kwa kuwa yote yameandikwa Kifaransa, sasa wamejiunga. Yule mstaafu wa Gécamines naye amerudi. Anachukua gazeti moja tu, lile ninalomchagulia siku hiyo.

Watu wananiletea pia simu zao. Inaingia sauti inayosema daraja fulani limevunjika au wanajeshi fulani wameingia mahali, na wao wanataka kujua kama ni kweli. Naangalia tarehe, naangalia picha kama niliwahi kuiona, nasikiliza Radio Okapi, nampigia mtu aliye karibu na mahali penyewe. Nisipojua nasema sijui. Mara nyingi hilo ndilo jibu ninalotoa, na sijaona mteja aliyeniacha kwa sababu yake. Msomaji wa leo hakai na jina la gazeti moja kama wale wa Papa. Anakaa na mtu ambaye hajamdanganya.

Kuhusu magazeti ya nje sina mengi. Niliuza Jeune Afrique kila wiki kwa miaka, na lilipogeuka la kila mwezi mwaka 2020, wale waliozoea kupita Jumanne walipotea. Nilijifunza tu kwamba mazoea ya miguu yakikatika, ni vigumu kuyarudisha, ndiyo maana mimi mwenyewe sikosi mezani hata siku ambayo robota halikuja.

Kuna jambo linalonitia hofu, na sitalificha. Profesa mmoja wa hapa, mteja wangu, alinieleza habari za Wiener Zeitung la Vienna, lililoanza mwaka 1703 na kuacha kuchapwa kila siku kwenye karatasi tarehe 30 Juni 2023. Lilikuwa likiishi kwa matangazo rasmi ambayo sheria ilizilazimisha kampuni kuyachapa humo. Sheria ikabadilika, matangazo yakahamia kwenye mtandao, na pato likaondoka. Nilipomsikia nilishika kalamu yangu nyekundu nikaitazama. Zabuni zetu nazo zinahamia kwenye mtandao kidogo kidogo. Zikihama zote, wateja wangu bado watahitaji mtu wa kuzisoma na kuwaita kwa wakati, na kwa hilo niko tayari. Lakini magazeti yenyewe yataishi kwa nini? Wahariri wawili walionikubalia mwaka 2020 nawaambia kila nikiongea nao: walipeni waandishi wenu, watumeni waende mikoani, maana tangazo si lenu, ni la sheria, na sheria hubadilika.

Nina stoo ndogo nyuma ya nyumba, Kampemba. Humo nimehifadhi nakala moja ya kila toleo lililopita mikononi mwangu, zimefungwa kwa kamba mwezi kwa mwezi, pamoja na rundo aliloniachia Papa. Katanga, eneo letu hili, ni nchi ya mchwa, kila mtu anajua vichuguu vyetu vinavyozidi urefu wa nyumba, kwa hiyo magazeti yamelala juu ya mbao za kubebea mizigo, na kila mguu wa mbao umesimama ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Mvua zikianza Novemba nayageuza yote na kuyapepeza. Wanafunzi wa chuo kikuu, wa Kasapa, huja kusoma humo kwa ada kidogo, na familia huja kutafuta tangazo la msiba wa baba yao. Binti mmoja alikuta picha ya mama yake akiwa kijana kwenye ukurasa wa michezo. Alikaa nayo mpaka nikawasha taa.

Katika rundo la Papa, Mjumbe ziko chache sana na Taifa ni chache zaidi, nyingine zimeliwa pembe. Najua ziko majumbani, chini ya magodoro, ndani ya masanduku ya chuma ya wazee walioacha kazi Gécamines na kwenye reli. Wakifa, watoto wanazichoma pamoja na nguo kuukuu. Kama unazo, nakuomba usizichome. Niletee mezani, karibu na Posta, nizinakili mbele yako nikurudishie zako. Niko pale kila siku ya kazi kuanzia saa moja asubuhi.