Siku niliyompeleka mzee Beho Beho

Hii ni ya mwaka 2017, mwezi wa nane, kipindi hicho naendesha watalii pori la Selous, kabla halijamegwa sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Nyerere. Nikapigiwa simu kuna mgeni Mzimbabwe, yuko peke yake, hataki boti wala simba, anataka kuona kaburi tu. Nikampokea Dar, nikamwambia shikamoo mzee kwa mazoea tu nikijua haelewi, akajibu "Marahaba kijana, habari za kazi." Kumbe miaka ya 70 alikaa Mgagao kule Iringa, walipokuwa wanafundishwa wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la Zimbabwe, na Kiswahili alikiokota hukohuko.

Kibiti mpaka Mloka hakuongea sana. Tukaingia geti la Mtemere, tukapita Ziwa Tagalala, mbung'o wanatutafuna, kufika Beho Beho nikashuka kwanza na askari wa wanyamapori tukakagua vichaka ndo nikamfungulia mlango. Kaburi lenyewe ni jiwe limelala chini na kibao cha chuma. Nikaanza maelezo yangu ya siku zote, kwamba huyu ni Frederick Selous, mwindaji mkubwa wa Kiingereza, alipigwa risasi na Wajerumani hapahapa tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65.

Mzee akauliza, "Na 1890 alikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Alikuwa kwetu. Anawaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes, yule tajiri Mwingereza, waje wachukue nchi."

Akakaa kwenye jiwe la pembeni, akavua kofia, akaanza kuniambia habari za Selous Scouts, kikosi walichokiunda Warodesia, wazungu walioitawala Zimbabwe enzi hizo, mwaka 1973 wakakipa jina la huyu marehemu. Mi nilidhani anaongelea wazungu watupu, akasema hapana, wengi walikuwa weusi, wengine ni wenzetu kabisa waliotekwa wakageuzwa. Wanavaa kama sisi, wanaimba nyimbo zetu, wanaingia kijijini usiku wanaomba sadza, yaani ugali, kama wapiganaji, na yule mama aliyewapikia asubuhi anashangaa helikopta ziko juu. Ikafika mahali wanavijiji hawajui wamlishe nani na wamfukuze nani, na sisi wenyewe tukikutana porini tunaogopana.

Halafu akafika kwenye habari za kambi ya Nyadzonya, Msumbiji, tarehe 9 Agosti 1976. Hapo sauti ilishuka, ikabidi nisogee. Asubuhi watu wamekusanyika uwanjani, wengi ni wakimbizi, vijana waliovuka mpaka juzijuzi hata bunduki hawajashika. Yakaingia magari yamepakwa rangi za jeshi la FRELIMO la Msumbiji, waliomo wamevaa nguo za FRELIMO. Watu wakashangilia, wakayakimbilia wakidhani wameletewa habari njema, wakayazunguka kabisa, kumbe ni Selous Scouts, ndo risasi zikaanza. Waliokufa walipita 1,000, na kuna waliozama mtoni wakijaribu kuvuka. Yeye alikuwa tumbo limemsumbua tangu usiku, yuko msituni amechuchumaa. Akasema rafiki yake waliyelala naye jamvi moja alikuwa wa kwanza kwanza kukimbilia magari, akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi hajamaliza kuvaa.

Alivyosema hivyo akakunja mkono kama ameshika kile kiatu. Akakaa nao hivyohivyo muda mrefu.

Mi nilikuwa nimeleta wageni pale miaka sita, nalitaja hilo jina kutwa mara ishirini, na hakuna hata mmoja niliyemwambia lilitumika tena kwa kazi gani. Roho iliniuma sana, yaani niliona kama nimekuwa namficha mtu.

Wakati tunarudi kwenye gari akaniambia kilichomuudhi zaidi hata kuliko jina ni kaulimbiu ya hao Scouts. Walijiita "pamwe chete", Kishona hicho. Nikamuuliza maana yake nini.

"Pamoja tu," akasema. "Kwetu hayo ni maneno ya kuitana shambani."