Siku moja maishani mwangu: afisa ustawi wa jamii, Arusha

Saa 1:30 asubuhi. Juni hii baridi ya Arusha haina adabu, kwa hiyo chai kwanza, jalada baadaye. Mtoto mkimbizi asiye na mzazi, aliyeokotwa stendi usiku na kuletwa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, huwa hajala. Mwenye njaa hujibu "ndiyo" kwa kila swali ili yaishe.

Saa 3:00. Mahojiano, na hapa ndipo kesi nyingi huharibikia. Mkalimani asiwe yule mtu mzima aliyefika na mtoto, wala msamaria wa sokoni: huenda anaifahamu familia, au ndiye anayekimbiwa na mtoto. Kwa Kirundi data ni baba yangu, data wacu ni baba mdogo au mkubwa. Mkalimani mwenye haraka huandika "baba" kotekote. Matokeo yake anatafutwa mtu asiye mzazi, au mtoto anakabidhiwa kwa aliyejiita baba. Neno liandikwe kama lilivyotamkwa, kisha uliza: mlilala nyumba moja? Mama yake ni nani?

Majina nayo ni mtego. Ndugu wa tumbo moja kutoka Burundi mara nyingi hawana jina la ukoo la pamoja. Karani akiwapanga kwa jina la mwisho, mmoja anakwenda makao haya ya watoto, mwingine yale. Jalada la kila mmoja litaje wenzake wote.

Saa 5:30. Simu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, haiulizi pasipoti. Umri ukitiliwa shaka, tumchukulie kuwa mtoto. Maombi ya hifadhi ya ukimbizi yanakwenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani, na safari kwa kawaida huishia kambini Kigoma. Ubalozi wa nchi aliyotoka haupigiwi: huko ni kumtaja kwa anaowakimbia.

Saa 8:00. Ngaramtoni, kukagua familia ya kuaminika, yaani inayojitolea kumlea mtoto kwa muda. Naangalia kitanda, choo, nani mwingine analala chumba kile, na kama ndugu watakaa pamoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo binti anajua kufua?"

Swali hilo likitangulia umri wake, kwangu ukaguzi umekwisha. Anatafutwa mfanyakazi wa bure.

Saa 10:00. Fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu. Kijiji, kilima, shule, jina la utani la baba: vitu vidogo ndivyo vinavyopata watu. Picha haiendi kwenye kundi la WhatsApp, hata la maofisa. Jalada linafungwa kabatini kwa ufunguo.

Saa 12:30 jioni. Simu kwa mlezi aliyepatikana: namba 116 ya msaada kwa watoto ameibandika ukutani? Na mtoto akitaka kulala na viatu usiku wa kwanza, mwache navyo.