Siku Moja ya Kinyozi wa Mji Mdogo

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kichwa chochote, mashine ndiyo huhudumiwa kwanza. Nywele za jana zilizonasa kwenye meno hutolewa kwa brashi ndogo, yanadondoshwa mafuta ya mashine matone mawili au matatu, mashine inanguruma sekunde chache, kisha yaliyozidi yanafutwa. Mafuta ya kupikia hayafai: yanaganda na kushika uchafu. Halafu meno yenyewe. Safu inayotembea inatakiwa ikae nyuma ya ile iliyotulia kwa chini ya milimita moja. Ikitokeza mbele inakata ngozi; ikirudi nyuma sana, nywele zinabaki ndefu kuliko ulivyokusudia. Fundi anaijaribu kwenye mkono wake mwenyewe, kisha anaifuta kwa spiriti.

Saa 2 wanaanza wazee. "Kama kawaida, fundi." Kawaida hiyo haijaandikwa popote, na kuikumbuka ni nusu ya sababu ya mtu kurudi: huyu kitana (kichanio kinachovishwa kwenye meno ya mashine) namba 2 juu, yaani milimita 6, na namba 1 pembeni, milimita 3, yule ana nywele za utosini zinazozunguka, ukizifupisha mno zinasimama. Ngozi ya mzee imelegea, kwa hiyo inavutwa taratibu kwa kidole gumba na mashine inapita juu juu bila kukandamiza.

Saa 4 vijana wanataka fedi, mtindo wa nywele zinazopungua taratibu kuelekea chini, na hapa ndipo muda unapokwenda. Nywele ziwe kavu na zimechanwa. Pembeni kote hupitishwa kitana namba 2 kwanza ili kupunguza wingi. Kisha mstari wa chini unawekwa kwa mashine isiyo na kitana, kimkono cha pembeni, kile kinachobadilisha urefu wa ukataji, kikiwa kimefunguliwa. Juu ya mstari huo, upana wa vidole viwili hivi, inafuata namba 1, na kila pigo linamalizikia kwa kuutoa mkono nje, mbali na kichwa. Anayepandisha mkono wima moja kwa moja anaacha ngazi. Ule mstari uliobaki kati ya vimo viwili unafutwa kwa kitana cha nusu namba, huku kimkono kikifungwa kidogo kidogo. Kosa kubwa ni kuuweka mstari wa kwanza juu mno: ukishapanda haushuki, mpaka nywele ziote, na kwa mwezi zinaota kama sentimita moja tu. Tena, kivuli kinachogoma kutoka mara nyingine si nywele, ni bonde la fuvu. Sogeza taa upande wa pili kabla hujaendelea kukata.

Saa 6 mashine imepata moto. Sababu ni msuguano: mafuta yamekauka au vinyweleo vimejaa ndani. Mwenye mashine mbili anabadilisha, mwenye moja anapumzika, maana meno ya moto yanaacha wekundu shingoni. Mashine zinazoendeshwa kwa sumaku zikianza kugonga kwa kelele, skrubu ya ubavuni izungushwe polepole hadi sauti itulie.

Mchana wanaletwa watoto. Kichwa chenye mabaka ya mviringo, magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi hakinyolewi siku hiyo, kwa kuwa huenda ni mapunye. Anaambiwa mzazi pembeni, kwa sauti ya chini, si mbele ya foleni. Anaelekezwa kituo cha afya kwa sababu fangasi hao huingia ndani ya unywele, na krimu peke yake haiwafikii. Dawa ya kumeza ndiyo tiba. Kwa maoni yangu, utulivu huo ndio unaojenga jina la kinyozi kuliko fedi yoyote.

Kati ya kichwa na kichwa kuna dakika ambazo wateja wenye haraka hawazipendi. Nywele zilizobaki kwenye mashine zinapigwa brashi kwanza, kwani dawa haipenyi uchafu; kisha spiriti ya asilimia 70, na inaachwa ikauke yenyewe. Iliyo kali zaidi haiui vizuri zaidi, maji yaliyomo yanaisaidia kufanya kazi. Klorini nayo inaua, lakini inakula chuma. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi siku 7 kwenye kifaa kikavu, kwa hiyo doa la damu usiloliona linatosha kuambukiza.

Saa 9, ndevu. Wembe mpya kila mteja, unafunguliwa mbele yake. Maji ya uvuguvugu kwanza, kisha wembe unafuata mwelekeo wa nywele. Ndevu za kipilipili zikikatwa chini ya ngozi hujikunja na kurudi ndani, ndiyo vile vipele vya shingoni. Mwenye navyo ashauriwe mashine, milimita moja ibaki. Akikatwa, ni pamba safi na kubana dakika chache. Jiwe la shabu lisipite shavu hadi shavu: tumia unga wake kwenye pamba, kisha tupa.

Jioni ni foleni tu.

Saa 2 usiku, nywele zinafagiliwa, vitana vinaoshwa kwa sabuni, mashine inachajiwa. Mwisho fundi anaosha mikono akisugua katikati ya vidole: vinyweleo vifupi vinachoma ngozi pale kama miiba, vinazama na kutunga usaha. Miguuni ni vivyo hivyo, ndiyo maana ndala hazifai kazini. Viatu vya kufunika na soksi.