Kupima kumbukumbu za mzee asiyewahi kushika penseli

Kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa akili kiitwacho MMSE, kilichotoka mwaka 1975, kina alama 30, na ndani yake mgonjwa anatakiwa kusoma, kuandika sentensi na kunakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana. Bibi ambaye hakupelekwa shule anapoteza alama hizo kabla kumbukumbu zake hazijaguswa. Ukimwandikia dimenshia (ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) hapo, umepima shule.

Kipimo kifupi cha IDEA, kilichotokana na utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, kinakwepa mtego huo. Jumla ni alama 15. Akipata 7 au chini, apelekwe kwa uchunguzi kamili. Penseli haihitajiki: anaonyeshwa umbo la njiti za kiberiti, kisha analipanga mwenyewe. Anaulizwa pia daraja ni nini, na anataja wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika 1.

Uzito uko kwenye orodha ya maneno 10 anayosomewa ili ayakumbuke, na hapo ndipo wapimaji huharibu. Msomee polepole, neno moja kila baada ya sekunde mbili hivi, kisha mwambie: “Haya bibi, niambie yote unayoyakumbuka, mpangilio wowote tu.” Rudia orodha hadi mara tatu. Halafu hamia kwenye wanyama na njiti, ndipo umuulize tena yale maneno. Kazi hizo za katikati zinamzuia kuyarudiarudia moyoni; ukiziruka, unapima usikivu wa papo hapo. Usimdokezee herufi ya kwanza, wala usimpongeze kwa neno moja ukanyamaza kwa jingine.

Mjukuu asikae pembeni. Atasema tu, “Bibi, si kile cha kukatia nyama!” na alama hiyo haina thamani tena. (Mjukuu ana kazi yake, tutamfikia.)

Kabla ya yote hakikisha anasikia. Mnong’oneze nyuma ya bega na umwombe arudie. Asiposikia orodha, hataikumbuka. Tumia lugha anayoongea nyumbani, hata kama Kiswahili anakielewa. Na kama kuchanganyikiwa kumeanza siku chache tu zilizopita, acha kipimo, tafuta malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya. Huyo hapimwi kumbukumbu akiwa na homa. Msongo na huzuni kubwa navyo hushusha alama. Mwenye sonona mara nyingi hujibu “sijui” bila kujaribu, ilhali mwenye dimenshia hubuni jibu.

Alama ndogo peke yake si dimenshia. Ndipo mjukuu anaingia, lakini usimuulize kama bibi anasahau, maana kila mtu atasema ndiyo. Muulize: bado anahesabu chenji dukani? Amewahi kupotea njia ya kanisani au msikitini? Anaunguza chakula kuliko mwaka jana? Mabadiliko kutoka alivyokuwa ndiyo yanayotafutwa. Ukimpima tena baada ya miezi sita, tumia orodha nyingine ya maneno, kwa sababu ile ya kwanza huenda ikabaki kichwani na kumpandisha alama bila kupona.